Baba, Madam Alikusoma Mbio

Baba,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake. Hapo nimekwama tangu asubuhi, kwa hivyo nitaruka niende mbele. Mimi niko Kitale, mzima wa mwili. Mvua imefukuza wateja, mwenye duka ameenda kuleta mbegu, na nimekaa nyuma ya kaunta nikikuandikia kwa mkono. Kwa simu ningemaliza haraka, lakini simu siiamini tena kwa mambo yako.

Nina aibu, Baba. Acha niseme mapema ili nisije nikazunguka. Kila mtu nyumbani Mabanga anajua nilichofanya siku ya kukuzika, ila wewe tu sijakueleza, na wewe ndiwe mwenye siku.

Nianze na Madam.

Macho yako yalipofungwa na ile presha, nilikuwa bado nyumbani, na kazi ya gazeti ikawa yangu. Zamani ulikuwa ukilinunua mwenyewe mjini Bungoma kila Jumamosi, pale karibu na stesheni, unalifunga kwenye karia ya baiskeli na kurudi nalo kama mtu aliyebeba mayai. Baada ya macho kukataa ukawa unamtuma mtu wa bodaboda. Tulikaa kwenye veranda, wewe kwenye kiti chako cha kamba, mimi kwenye kigoda, na kabla sijalikunjua vizuri ulikuwa umeshasema, "Anza na vifo, mayi." Uliniita mayi, mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Nikikuambia kuna habari kubwa ya siasa ukurasa wa mbele, ulipunga mkono. "Siasa si itakuwa hapo tu. Hawa leo ndio siku yao."

Basi nilisoma matangazo ya vifo, picha baada ya picha. Fulani, mwana wa fulani, ndugu wa fulani, mume wa fulani, baba wa hawa, babu wa hawa. Wengi hukuwajua. Wa Kisii, wa Mwingi, wote uliwasikiliza mpaka mwisho kisha ukasema, "Pole yao. Endelea." Nikiruka wajukuu ulinikamata hapo hapo. "Kwani huyu hakuwa na wajukuu? Ata mmoja?" Narudi, nasoma wajukuu. Sitaficha, nilikuwa nakereka. Lakini Mabanga yote ilijua kwamba msomaji wa mzee ni mimi, na nikipita sokoni wenye mboga waliniuliza gazeti limesema nini, na mimi nikajibu kwa maringo.

Nilipopata kazi hapa Kitale, kwenye duka hili la mbegu na dawa za mifugo, nikapanga chumba upande wa Kipsongo na gazeti likabaki bila mtu. Dada yako, Senge Roda, aliyekuja kukaa nawe baada ya Mama kufariki, na kusoma hawajawahi kupatana. Nikajaribu kukusomea kwa simu. Unakumbuka tulivyokuwa? Nasoma mistari miwili, mteja anaingia. "Ngoja kidogo Baba, kuna mtu wa dawa ya kupe." Unangoja. Nikirudi sijui nilikuwa nimefika wapi, wewe ndiwe unaniambia.

Ndipo nikaonyeshwa ile programu ya simu inayosoma habari kwa sauti. Nilikuja nyumbani na simu mpya, nikakufundisha jioni nzima. Ukigusa mara moja, simu inakuambia jina la kitufe. Ukigusa mara mbili, inafanya kazi. Vidole vyako vilikuwa vigumu mwanzoni, ukaitukana kwa Kibukusu, kisha sauti ya mwanamke ikatoka, Kiswahili kimenyooka kama cha mkaguzi wa shule. Ukatega sikio. "Huyu ni madam wa wapi?" Jina likabaki hilo.

Ulimpenda. Alikusomea mambo ya mbolea, ya bunge, ya vita vya nchi ambazo hata mimi sikujua ziko upande gani, na wageni wakija uliwapasha kila kitu. "Madam amesema bei ya mahindi itapanda, msiuze saa hii." Senge alilalamika kwamba siku hizi nyumba ina wanawake wawili na mmoja wao hafui hata soksi. Nilicheka sana kwa simu siku hiyo. Nilikuwa na furaha, Baba, na furaha yenyewe ilikuwa ya mtu aliyeshushiwa mzigo. Simu yako ikilia nilikuwa natazama saa. Sasa haikulia sana.

Kitu kimoja tu Madam hakuweza. Matangazo ya vifo huwekwa gazetini kama picha, na yeye picha hazisomi. Ulimgusagusa ukurasa mzima akakujibu, "Picha. Picha. Picha." Ukanipigia ukiwa umechukizwa kweli. "Mayi, huyu Madam wako ameruka watu." Nikakuahidi kwamba hao nitakusomea mimi. Na niliwasoma, lakini nimesimama, simu nimeibana begani, mikono inapima mbegu, na mbio, ili nimalize. Hukuninong'onea hata lawama. Siku moja tu uliniuliza kwa upole, "Siku hizi watu hawazai?" Nilicheka. Wewe hukucheka.

Halafu ukaanza kumwongezea Madam mwendo. Nilipokuja Krismasi nilimkuta anasoma kama mnadi wa ng'ombe, sikushika hata neno moja, na wewe umetulia kitini unatikisa kichwa unakubaliana naye. Nikanyoosha mkono nimpunguze. Ukanizuia. "Wacha. Huyo ni wa habari tu, akimaliza amemaliza. Wewe ndio nataka polepole." Nikadhani ni utani wako wa kawaida. Nikanywa chai yangu, kesho yake nikarudi Kitale.

Kisha ukafa. Nimeliandika hivyo hivyo kwa sababu kila neno lingine nililojaribu lilikuwa la kanisani. Senge alikusikia asubuhi ukiwa na Madam kwenye veranda, akaendelea na kazi zake, akajua uko sawa kwa vile habari zilikuwa zinasomwa. Alipokuletea uji ndipo akajua. Hakujua kumzima Madam. Akamfunika kwa mto, akamwacha aongee humo mpaka chaji ikaisha.

Baba mdogo Simiyu aliongoza mipango ya mazishi. Hakuna aliyeuliza nani atasoma wasifu wako. Wadogo zangu walinitazama, Senge akanitazama, basi. Nikauandika na Senge jikoni, yeye akikumbuka na mimi nikipanga, na ulikuwa wasifu mzuri, Baba. Ulikuwa na ule mwaka ulipoleta vitunguu Mabanga watu wakakucheka, kisha wakaja mmoja mmoja kuomba mbegu wakipitia mlango wa nyuma. Ulikuwa na wenzako wa rika, mliotahiriwa pamoja, na jinsi mlivyovuka mto uliojaa mkiwa mmeshikana mikono. Lakini kila nilipojaribu kuusoma kwa sauti peke yangu chumbani, nilifika pale panaposema "akabaki kuwa baba na mama kwa binti yake na wadogo zake" na nikaweka karatasi chini. Nikajiona mbele ya watu, mbele ya wenzangu wa dukani waliotoka Kitale na nguo zao nzuri, kamasi zinanitoka, sauti kama ya mbuzi. Nikaogopa. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna kingine.

Na hofu hiyo nikaipamba. Nikamwambia Baba mdogo kwamba ingependeza sana ukiagwa na sauti uliyoizoea, kutoka kwenye simu yako mwenyewe. Nilisema kwa ufundi hata mimi nikaamini. Baba mdogo akakuna kichwa. "Ati simu ndio isome? Haya. Nyinyi si ndio mmesoma."

Usiku nikauandika wasifu wote kwenye simu yako. Ikafika saa ya wasifu. Mwenye vyombo akaunganisha simu yako na spika zake kwa waya. Baba mdogo akaomba watu wasimame kwa heshima, wakasimama hema zote. Nikagusa mara mbili.

Mwendo, Baba. Niliusahau mwendo.

Madam akaondoka kwa mbio zile zile za Krismasi, spika zote zikinguruma. Kuzaliwa kwako, wazazi wako, mto, Mama, vitunguu, vyote vilipita kama mvua kwenye mabati. Wazee walitega mikono masikioni. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Kwani hiyo ni Kizungu?" Nikataka kumsimamisha. Kwa haraka nikagusa mara moja, mimi niliyekufundisha. "Simamisha, kitufe. Gusa mara mbili ili kuwasha," zikatangaza spika mpaka barabarani. Nikagusa kwingine. "Rudi nyuma, kitufe." Hapo mtu akacheka. Unakijua kicheko cha matanga, kikishatoka kimoja hakikai peke yake. Na Madam naye akawa amemaliza maisha yako yote, akaunganisha bila kupumua: "Habari inayofuata. Jinsi ya kuhifadhi vitunguu msimu wa mvua." Ulikuwa umeiweka foleni mwenyewe, hukuwahi kuifikia. Watu waliangua kicheko, hata pasta alishika mdomo. Mwenye vyombo akachomoa waya.

Ungekuwepo ungecheka kuwashinda wote, na laiti yangeishia hapo, leo ningekuwa nahadithia hapa dukani kama kichekesho.

Baba mdogo aliwatuliza. "Mzee alipenda habari, bana, mlitaka afanye nini?" Kisha akanijia na maiki. Karatasi ya wasifu ilikuwa mkobani mwangu, na yeye alijua. "Haya mama," akaniambia, "si usome tu wewe. Polepole." Watu wakageuka kunitazama. Walikuwa bado wamesimama, wazee wa rika lako wakiwa mstari wa mbele wameegemea fimbo zao. Mimi nikatikisa kichwa. Baba mdogo akanisogezea maiki tena. Nikaangalia viatu vyangu. Nilivitazama mpaka pasta akakohoa, akafungua Biblia yake, na watu wakaketi.

Ukazikwa bila mtu kusikia ulikuwa nani. Mwenye kusoma alikuwepo, mzima, ana macho yote mawili na karatasi mkobani.

Kesho yake asubuhi niliondoka. Sikungoja ile siku ya kunyoa nywele, watu wanapokaa wakasema mambo ya marehemu kwa nafasi. Nilidanganya kwamba wananiita kazini. Hakuna aliyeniita. Tangu hapo sijakanyaga Mabanga. Bungoma nilifika mara moja kuchukua mzigo wa duka, nikamwona mama mmoja wa kanisa letu akichagua nyanya, nikavuka barabara bila hata kuangalia pikipiki. Hivyo ndivyo mtoto wako anavyoishi sasa.

Simu yako ninayo. Senge aliisokomeza mkobani mwangu nikiondoka, hakusema kitu. Asubuhi nikitembea kuja kazini namsikiliza Madam humo, na mwendo wako sijaugusa. Mwanzoni nilishika neno hapa, neno pale. Sasa sikio limezoea, nashika karibu yote. Nimeusikiliza na wasifu wako hivyo, na nimeuelewa. Nikawaza kwamba pengine siku ile, kwenye umati wote ule, wewe peke yako ulimfuata Madam mpaka mwisho. Nilijaribu kujifariji na wazo hilo njia nzima. Lakini wewe habari zako ulikuwa unazijua.

Kuna kingine. Siku moja dukani nilifungua kwenye simu lile gazeti tulilotangazia kifo chako. Tangazo lenyewe wadogo zangu ndio walilipeleka, mimi sijawahi kulisoma. Nilitaka nilisikie tu, nikiwa na watu, ili nisije nikaanguka. Nikagusa picha yako, ile ya koti ulilovaa kwenye harusi ya Baba mdogo. Madam akasema, "Picha." Nikagusa tena. "Picha." Amekusomea dunia nzima huyu mwanamke, na ilipofika zamu yako akakuruka. Nililia, Baba. Mteja akaniuliza kama dawa ya kupe imeniingia machoni, nikamwambia ndiyo, akaniletea maji ya kunawa.

Gazeti la karatasi la siku hiyo pia nililinunua. Limelala chini ya godoro langu, halijakunjuliwa zaidi ya pale nilipochungulia nikaona uso wako.

Wiki iliyopita Senge akanipigia. Wanaweka saruji kwenye kaburi lako Jumamosi hii, watu wa karibu watakuja, pasta ataomba. Nikaanza wimbo wangu wa kazi nyingi. Akanikata katikati.

"Wewe mtoto, siku ile uliogopa nini? Kulia?"

Nikaanza kupanga upya pakiti za mbegu kwenye kaunta.

"Si ungelia tu. Ukimaliza unasoma, ukilia tena tunangoja. Nani alikuwa na haraka? Sisi tulikuja kukaa."

Kisha akaniambia jambo ambalo limeninyima raha wiki hii yote. Wazee wa rika lako, wale wa mstari wa mbele, wakipita hapo nyumbani bado wanamuuliza. "Ile kitu simu ilisema juu ya mwenzetu, ilikuwa inasema nini?" Mmoja wao amekuwa mgonjwa tangu mvua zianze, na yeye ndiye anauliza sana. Senge hana cha kuwaambia. Anawaambia Nasimiyu atakuja.

Kwa hivyo nakuja, Baba. Nimeshaomba ruhusa. Simu yako nitaiacha hapa Kitale, ndani ya sanduku, Madam apumzike na mimi nifanye kazi yangu. Nitasimama kando ya kaburi lako na ile karatasi, na nitawasomea wazee mambo ya mto na ya vitunguu. Nikifika pale kwa baba na mama wa binti yake nitalia, najua, sauti itatoka kama ya mbuzi, na watangoja. Yule mgonjwa, Baba mdogo ameahidi kumleta kwa pikipiki akiwa amefungwa na shuka asianguke. Asipoweza kuja, nitamfuata kwake nikamsomee kitandani.

Wakishaenda kula, mimi nitabaki na wewe. Nitakuwa na gazeti. Ni la zamani sasa, siasa zake zimeshachacha, lakini ukurasa wa mbele hatukuwa na haja nao hata siku zile. Nitaanza na vifo. Nitawasoma walio juu yako kwanza, kwa sababu nao ilikuwa siku yao, na wajukuu wao wote. Halafu nitafika kwako. Nitasoma jina lako, mwana wa nani, ndugu wa Roda na Simiyu, mume wa Mama, baba yangu na wa wadogo zangu, babu wa watoto wetu mmoja mmoja, hata yule mdogo aliyekuwa bado anaitwa Katoto siku tunakuzika. Polepole, kama ulivyotaka. Nikimaliza nitanyamaza, maana hapo palikuwa pako pa kusema neno, na najua hutasema, na nitalazimika kulisema mimi.

Lala salama mpaka Jumamosi, mzee wangu.

Pole yetu, Baba. Naendelea.

Mayi wako,
Nasimiyu